Mjane wa Kwenye Karatasi

Barua ya mahakama ya uhamiaji ilipofika, Micaela Tiu alisoma tarehe peke yake, kwa kuwa tarehe haihitaji mtu ajue Kiingereza. Machi kumi na nne, saa mbili na nusu asubuhi, Boston. Akaikunja barua, akaiweka juu ya jokofu karibu na kopo la chumvi, akavaa koti juu ya koti, akaenda kiwandani. Siku hiyo walikata minofu ya chewa mpaka saa tisa. Hakumwambia mtu. Hakuwa ameogopa. Alikuwa ameungoja woga uje, haukuja, na mkanda wa samaki ulikuwa unatembea.

Aliyeiona barua ni Dominga, binamu yake, ambaye walikuwa wakilala naye chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao upande wa kaskazini wa New Bedford. Dominga alikuwa na miaka sita hapa na alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

"Hii imekuja lini?"

"Jumanne."

"Leo Ijumaa, Micaela! Ulikuwa unaivundika iive kama ndizi?"

"Ningekuambia."

"Ungeniambia ukiwa ndani ya ndege ya kurudishwa." Dominga alikaa kitandani bado amevaa gambuti. "Una wakili?"

"Sina."

"Una nani?"

Micaela alifikiri. "Nina fomu. Ile tuliyopeleka mwaka jana."

Fomu ile alijaziwa na Doña Estelvina, mwenye duka la kutuma vifurushi Guatemala, ambaye pembeni alikuwa akiwajazia watu karatasi za serikali. Hakuwa wakili, wala hakuwahi kudai kuwa ni wakili. Alikuwa na kompyuta na subira, basi. Micaela alikuwa ameomba hifadhi kabla mwaka haujatimia tangu avuke mpaka, kama sheria inavyotaka, na tangu hapo hakulifikiria tena jambo hilo. Tarehe ya mahakamani ndiyo iliyolifufua. Siku hiyo jaji angeuliza, na kama hakuna wa kumtetea wala la kueleweka la kumwambia, angeandika amri ya kumrudisha. Kurudishwa maana yake ni kushushwa uwanja wa ndege wa mji mkuu, kusafiri kwa basi kwa muda wa saa tano, kisha kutembea nusu saa kwa mguu mpaka kwenye nyumba ya Lucas Imul, mtu aliyemkimbia.

Pamoja na barua palikuwa na orodha ya mawakili wanaosaidia bure. Namba kumi na moja. Walizipiga kwa zamu wakati wa mapumziko ya saa nne, wamesimama katika chumba cha kubadilishia nguo, aproni zikiwatiririka maji. Namba ya kwanza ilipiga muziki. Ya pili ilipiga muziki mwingine. Ya tatu iliita hata ikakata yenyewe. Mwanamke wa namba ya sita alizungumza Kihispania kizuri sana, akasema kwa upole kwamba hawapokei kesi mpya hadi vuli.

"Vuli!" alisema Dominga. "Mwambie jaji naye angoje vuli."

"Amekwisha kata."

"Umemwambia nini?"

"Asante."

Jumamosi walikwenda kwa wakili ambaye picha yake ilikuwa kwenye mabango ya barabarani, amekunja mikono kifuani. Wakili mwenyewe hawakumwona. Walimwona kijana mwenye tai nyembamba, aliyewaketisha, akasikiliza kwa dakika sita huku akiandika kwenye simu yake, kisha akasema kwamba kesi kama hii wao hawajawahi kushindwa.

"Hata moja?" Dominga aliuliza.

"Hata moja, mama. Asilimia mia."

"Na wakili ataonekana lini?"

"Siku ya mahakama."

"Leseni yake ina namba gani?" Akina mama wa kanisani walikuwa wamemfundisha swali hilo, na alilitoa kama mtu anayetoa kisu.

Kijana alicheka. Alicheka muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa. Wakatoka.

Wa pili alikuwa mzee mwenye ofisi ndogo karibu na maktaba. Huyo aliwaonyesha kitambulisho chake cha uwakili kabla hawajauliza. Aliitazama tarehe, akavua miwani, akasema hawezi, ana kesi nyingi mno na kuibeba hii nusunusu ni kumdhulumu mwenye kesi. Aliandika jina kwenye karatasi: Deolinda Furtado. "Huyu atakuuliza maswali magumu," alisema. "Usimkimbie." Micaela aliichukua karatasi. Njia nzima ya kurudi Dominga alimsifu yule mzee, kwamba mtu anayekufukuza kwa heshima namna ile, ni bora kuliko anayekukaribisha vibaya. Micaela alikuwa akiangalia theluji iliyopigwa koleo pembeni ya barabara, imekuwa nyeusi kama makaa.

Sasa ilibaki swali la nani atasema.

Watu wao, Wak'iche' wa Guatemala, hawaendi kuomba jambo kubwa kwa mdomo wao wenyewe. Ukitaka mke, ukitaka shamba la kukodi, ukitaka msamaha wa jirani, unatafuta mshenga. Mshenga anabeba mkate na chokoleti, anabeba na maneno, na wewe unakaa nyuma yake ukitazama chini. Mwenye shida akijisemea ni kama anayejivulia nguo hadharani. Na mshenga wa New Bedford alikuwa mmoja, Pascual Saquic, ambaye kwa heshima wote walimwita Tat, yaani baba. Huko kwao alikuwa ameposa wasichana sabini na wawili na kukataliwa mara nne tu, na hizo nne alikuwa na maelezo yake. Hapa alikuwa akipanga masanduku kwenye chumba cha barafu. Yeye ndiye aliyefuatana na Micaela kwa Doña Estelvina mwaka uliopita. Ilikuwa haki yake kufuatana naye tena, na kumwacha ingekuwa tusi.

"Wakili si baba wa bibi harusi," alisema Dominga.

"Najua."

"Hataki mkate. Anataka tarehe na majina."

"Mwambie wewe basi Tat Pascual asije."

Dominga alijifanya anatafuta soksi.

Ofisi ya Deolinda Furtado ilikuwa juu ya duka la mikate ya Kireno. Tat Pascual alivaa koti la ngozi na kofia mpya. Mkate aliununua palepale chini, mikate kumi na miwili mitamu, akaifunga kwa kitambaa cha kufumwa alichokuja nacho, kwa hiyo wakili aliletewa kwa heshima zote mkate ambao alikuwa akiula kila asubuhi. Aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, nywele fupi za mvi, na Kihispania chake kilikuwa na lafudhi ya Kireno cha wazazi wake. Alimwuliza Micaela mambo mawili kwa lugha hiyo, akasikiliza majibu, kisha akasema, "Hapana. Hiki ni Kihispania cha sokoni. Tutazungumza kwa lugha yako." Akapiga simu, akaiweka mezani na spika wazi. Kutoka Nebraska ikatoka sauti ya msichana, mkalimani, mtu wa Totonicapán huko Guatemala, akawasalimu kwa K'iche'.

Tat Pascual alisimama. Alivua kofia.

"Tuwie radhi kwa nyayo zetu, tuwie radhi kwa vivuli vyetu. Tumefika mlangoni pako, tumefika kizingitini pako. Hatukuja na dhahabu, hatukuja na fedha. Tumekuja na mdomo wetu, tumekuja na machozi yetu. Huyu unayemwona ni kifaranga asiye na bawa la kumfunika, ni ua lililoachwa na shina lake..."

Aliendelea. Alikuwa mzuri kweli. Hata Micaela, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alisikia jinsi maneno yalivyokuwa yakienda mawilimawili, kila moja likimshika mwenzake mkono. Alipopumua, wakili aliitazama simu.

"Anasema nini?"

Msichana alijibu kutoka Nebraska. "Wakili, mzee huyu anasema vizuri sana. Bibi yangu alikuwa akisema hivi. Ila mpaka sasa bado hajasema kitu."

"Mwambie namshukuru. Mwambie pia atusubiri nje, yeye na huyu dada mwingine."

Msichana wa Nebraska aliligeuza likawa laini: mwenye nyumba anaomba Tat apumzike kidogo ukumbini.

"Sijachoka," alisema Tat Pascual.

"Anasema hajachoka."

"Mweleze hivi," alisema wakili, na sasa alimgeukia Tat Pascual mwenyewe. "Anayoniambia mteja peke yake ni siri. Hakuna jaji anayeweza kunilazimisha kuitoa. Akikaa mtu wa tatu humu ndani, hata awe mama yake mzazi, siri imekufa. Si dharau. Ndivyo kazi hii ilivyo."

"Nimesema mbele ya mameya. Mbele ya padri na mbele ya kanali wa jeshi. Hakuna aliyeniambia nitoke."

"Tat," alisema Dominga, amekwisha shika kiwiko chake, "twende tukaonje huo mkate."

"Mkate ni wa mwenye nyumba!"

"Basi tukaulinde."

Mlango ulipofungwa, Micaela aliona kwamba hakuwa na mgongo wa mtu wa kuutazama. Mbele yake palikuwa na meza, simu, na uso wa mgeni. Wakili alifungua nakala ya fomu ya mwaka uliopita. Alisema ataisoma kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na mkalimani ataigeuza, na Micaela aseme kama ni kweli.

"'Mimi ni mjane,'" ilisema simu kwa sauti ya yule msichana. "'Mume wangu, Lucas Imul, aliuawa na watu wasiojulikana njiani akitoka shambani. Baada ya kifo chake watu haohao walinitishia. Sina wa kunilinda.'"

Chini, kwenye duka, mtu alikuwa akiburuta trei za chuma.

"Alikufa tarehe gani?" aliuliza wakili. "Nitahitaji cheti cha kifo."

"Hajafa," alisema Micaela.

Mkalimani aliuliza tena, akidhani lahaja zao zimepishana.

"Hajafa. Jumapili alimpigia simu mama yangu. Alisema nikirudi atanipokea."

Wakili aliweka kalamu. Hakufoka. Micaela alikuwa akingoja afoke, angalau apate cha kuangalia.

"Nani aliandika kwamba amekufa?"

"Doña Estelvina aliandika. Tat Pascual alisema."

"Kwa nini?"

Hilo halikuwa na jibu fupi. Mwanamke aliyekimbia nyumba ya mumewe hana mahali pa kukaa katika maneno ya mshenga. Hakuna jozi ya maneno iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mjane ana nafasi yake, kuna maneno mazuri mengi ya mjane. Tat Pascual alikuwa amemvika hayo, kama mtu anayemfunika kanga mwenzake aliyechaniwa nguo sokoni. Micaela alisema tu, "Kwa heshima."

Wakili alizungumza polepole, akisimama ili mkalimani amfuate. Alisema hawezi kusimama mbele ya jaji akiwa ameshika karatasi anayojua ni ya uongo. Akifanya hivyo atapoteza leseni na Micaela atapoteza kila kitu. Lakini fomu inaweza kurekebishwa kabla ya tarehe, kwa hiari, na hilo jaji analiheshimu. Yanatakiwa mambo mawili. La kwanza, maelezo ya kweli, kutoka kwa Micaela mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. La pili, hati ya kiapo ya yule mzee, akikiri kwamba maneno ya kifo ni yake na kwamba Micaela hakuelewa kilichoandikwa. Bila hiyo, jaji anaweza kusema huyu mwanamke alimwua mumewe kwenye karatasi mwaka jana na sasa amemfufua, kesho je?

"Nikiyapata hayo mawili nitakuchukua. Malipo utalipa kwa mwezi, kadiri ya mshahara wako, na mkataba utasomewa kwa K'iche' kabla ya kutia sahihi. Tuna wiki tano. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Una swali?"

"Hapana."

Wakili alimtazama. "Hukulia," alisema, si kama lawama. Kama mtu anayeandika hali ya hewa.

"Hapana," alisema Micaela.

Kumwomba mshenga jambo ni kazi ngumu, kwa kuwa unayetakiwa kumtuma ni yeye yule. Dominga alijitolea. "Nitamwambia: Tat, tumefika mlangoni pako, tumefika kizingitini pako, uliropoka." Micaela alisema atakwenda mwenyewe. Alikwenda Jumapili mchana baada ya ibada, bila mkate.

Nan Rosenda, yaani Mama Rosenda, mke wa Tat Pascual, alimpa kikombe cha uji wa mahindi na kumketisha jikoni. Tat Pascual aliingia akiwa na soksi tu miguuni. Alitazama nyuma ya Micaela, kwenye mlango.

"Nani anakusemea?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Nimekuja mwenyewe, Tat."

Nan Rosenda aliacha kusugua sufuria. Tat Pascual alikaa. Micaela alisema alichokuja kusema, nacho kilikuwa kifupi kiasi cha kutia aibu: wakili amejua kwamba Lucas yu hai; fomu lazima irekebishwe; anaombwa mzee aandike kwamba aliyasema yeye; wakili anangoja.

"Nilikufunika," alisema Tat Pascual.

"Najua."

"Ulitaka nimwambie yule mwanamke wa dukani kwamba umepigwa na mumeo kama punda? Mbele ya watu wanaotuma vifurushi? Baba yako alikuwa rafiki yangu, nilimposea mama yako mwenyewe. Nilikupa mume aliyekufa vizuri. Njiani, akitoka shambani, na jembe begani!"

"Jembe halikuandikwa."

"Hawakuliandika?" Ilimuuma, ilionekana wazi. "Yule Estelvina ni mvivu."

"Pascual," alisema Nan Rosenda, "msichana anakuomba neno."

"Nasikia anachoomba." Aliutazama mkono wake juu ya meza, kucha zilizopasuka kwa barafu. Aliposema tena, sauti haikuwa ya mshenga. "Hati hiyo ina nini juu yake? Jina?"

"Jina."

"Na anwani?"

"Na anwani."

"Na inakwenda kwa nani?"

Micaela alitazama kikombe. Wote watatu walijua inakwenda kwa nani. Tat Pascual alikuwa na miaka kumi na moja New Bedford na hakuwa na karatasi hata moja, wala fomu, wala namba; serikali haikujua kwamba yupo. Alikuwa amekaa kwa kutoandikwa mahali popote.

"Nitakuja mahakamani," alisema. "Nitasimama mbele ya jaji, nitakusemea mpaka alainike. Hilo naweza."

"Hawatakuruhusu uongee, Tat."

"Basi mimi ni wa nini?"

Nan Rosenda alimwaga maji ya sufuria. Micaela alikunywa uji wake wote, kwa sababu kuuacha ni utovu wa adabu, akashukuru, akaondoka. Nje alijiuliza kama amekasirika. Alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hakukuta hasira. Alikuta tu kwamba mzee alikuwa na haki ya kuogopa, na kwamba wiki tano zimebaki nne.

"Amekataa?" aliuliza Dominga.

"Ameogopa."

"Mwandike tu! Wakili aandike jina lake, asipotia sahihi shauri yake. Yeye ndiye aliyekuingiza humu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa wapi, nini?"

"Wakati anasema. Nilikuwa wapi?"

Dominga alimtazama asielewe, akaenda kukoroga maharage.

Alhamisi, baada ya zamu, Micaela alirudi juu ya duka la mikate peke yake. Mikono yake ilinuka samaki na hakuwa na la kufanya kuhusu hilo. Wakili alipiga simu Nebraska. Sauti ikawa ileile, ya msichana yule.

"Hati ya mzee?" aliuliza wakili.

"Hatatia sahihi. Sitaki jina lake liandikwe."

"Micaela, bila ya hati hiyo..."

"Nilisikia," alisema Micaela.

"Ulisikia nini?"

"Siku ile dukani. Walizungumza Kihispania. Nilielewa aliposema amekufa. Neno hilo nalijua. Nilielewa, nikanyamaza." Alingoja mkalimani amalize. "Mtu hamkati mshenga maneno. Lakini hata angenyamaza nisingesema. Niliposikia Lucas amekufa nilijisikia vizuri. Nilikwenda nyumbani nikalala. Ilikuwa mara ya kwanza kulala."

Wakili hakuandika. Alimwuliza kama anajua anachosema: kwamba kwa njia ya mzee angeweza kuwa mwanamke asiyejua, na kwa njia hii anakiri alijua, kwamba jaji anaweza kumkubali au anaweza kuutumia ukweli huohuo kumfungia mlango. Kwamba hawezi kumwahidi kitu.

"Yule kijana wa mabango aliniahidi," alisema Micaela.

Kwa mara ya kwanza wakili alitabasamu kidogo. Akavuta kibodi ya kompyuta karibu. "Ya kweli naweza kusimama nayo. Anza pale unapoweza."

Alianza na harusi. Alisema mwaka, mwezi, jina la kijiji. Alisema kidole cha mkono wa kushoto kwa nini hakinyooki. Alisema alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji mara mbili, na mwenyekiti ni ami yake Lucas, akamwambia akapike. Alisema juu ya kibanda cha kuogea cha mawe kilicho uani, kile cha mvuke, ambacho mlango wake ni mdogo na mtu anaingia kwa kutambaa. Kwamba Lucas alimfungia humo akaegemeza jiwe, mwezi wa Januari, siku mbili. Kwamba mama mkwe alikuwa akipita nje, akisikika akiwaita kuku. Alisema vyote kwa sauti moja, sauti ambayo mtu anamwelekezea mwenzake njia ya kwenda posta. Wakili alikuwa akiuliza: saa ngapi, mlango uko upande gani, nani aliufungua. Micaela alijibu. Hakukuwa na maneno mawilimawili. Kila neno lilikuwa peke yake.

Kisha simu ikanyamaza.

Walingoja. Wakili aliinama akaangalia kama laini imekatika. Haikuwa imekatika, kulikuwa na sauti ndogo huko Nebraska, kama mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Amekata?" aliuliza Micaela kwa Kihispania cha sokoni.

"Hapana," alisema wakili. "Yupo."

"Nimesema vibaya?"

"Hapana."

Msichana alirudi baada ya muda, pua imeziba. "Naomba radhi, nan. Naomba radhi, wakili. Haturuhusiwi. Naweza kuendelea."

"Kunywa maji, mwanangu," alisema Micaela kwenye simu. "Mimi sina haraka." Na ilikuwa kweli. Alikaa akingoja mgeni amalize kulia juu ya jambo lake, mikono imelala mapajani, akitazama dirisha ambako magari yalikuwa yakiwasha taa kwa ukungu ingawa ilikuwa saa kumi tu.

Walipomaliza, alisomewa kila kitu tangu mwanzo. Alirekebisha mahali pawili: ilikuwa Jumatano, si Jumanne, na kuku walikuwa wa jirani. Kisha akasomewa mkataba wa uwakili, kurasa tatu, mstari kwa mstari: wakili atafanya nini, hatafanya nini, mteja anaweza kumwacha lini. Alitia sahihi kila ukurasa. Deolinda Furtado naye akatia yake chini. Kalamu ilikuwa ya duka la mikate.

Machi kumi na nne walikwenda Boston kwa gari la wakili. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na watu wengine ishirini walikuwa wakingoja zamu zao. Jaji alikuwa mwanamume mwenye mafua. Wakili alisimama, akasema fomu ya awali ilikuwa na uongo, mteja wake ameusahihisha mwenyewe, na maelezo mapya yako mbele ya mahakama. Jaji aligeuza karatasi. Alisoma moja kwa muda, akarudi nyuma, akasoma tena. Akamtazama Micaela, akamwuliza kupitia mkalimani wa mahakama.

"Mumeo yu hai?"

"Yu hai."

"Na ulijua hivyo ulipotia sahihi ile ya kwanza?"

"Nilijua."

Mwanasheria wa serikali aliandika jambo. Jaji alipenga kamasi. Akasema anaipokea fomu iliyorekebishwa, na kwamba suala la ule uongo atalipima pamoja na mengine siku ya kusikiliza kesi yenyewe. Akatafuta kwenye kalenda, akatafuta, akageuza mwaka, akageuza mwingine. Akataja tarehe ya mwezi wa Juni, miaka miwili na miezi mitatu mbele.

Haikuchukua dakika tisa. Ukumbini wakili alimshika bega. "Imekwenda vizuri," alisema. "Si ushindi. Lakini imekwenda vizuri."

"Mpaka siku hiyo naruhusiwa kukaa?"

"Unaruhusiwa."

"Lucas hatapelekewa barua?"

"Hapana. Ni siri."

Micaela aliichukua karatasi yenye tarehe mpya, akaisoma namba zake. Alijaribu kuhesabu atakuwa na umri gani, akapata: thelathini na moja. Watu walikuwa wakipita wakiwapiga kumbo. Alisema kwamba ana njaa, na aliposema hivyo alishangaa kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Kuna mahali pa supu mtaa wa pili," alisema wakili.

Wakaenda.